Jina Nililomnyima Binti Yangu

Mpendwa Mama Shamsa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili. Mimi ni mkulima wa Suji, mweusi tii, na mke wangu Careen ni mweusi vilevile, na miezi saba iliyopita tulijaliwa binti mweupe, nikajipa moyo kwamba watoto wachanga ndivyo walivyo, atakolea, hakukolea, na nikakumbuka Careen alikuwa akishuka bondeni Ndungu kununua mchele kwa mfanyabiashara mmoja, Jabiri, ambaye naye ni mweupe, basi nikaunganisha mwenyewe. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, lakini jina la marehemu mama yangu, Eliakunda, nikasema tuliweke kando kwanza, na Careen hakuniuliza sababu. Mpaka leo anaitwa "mtoto" tu. Jumapili ni ubatizo, na jana mke wangu kaniuliza kwa upole, "Nimwambie mchungaji jina gani?" nikaondoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba nampenda, akisikia sauti yangu anacheka, nami nageuza uso. Je, nimpeleke kupimwa DNA kimyakimya?

Hezroni, Suji

Marahaba, mwanangu. Pole, na sasa nisikilize. Mkeo alifuata mchele, akarudi na mchele, mkaula wote. Ushahidi wako ndio huo?

Rangi ya ngozi huamuliwa na vinasaba vingi, vingine vya kukoleza, vingine vya kupunguza, na watu wawili weusi wanaweza kubeba vya kupunguza bila kuonekana. Mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama, na safari hii vya kupunguza vimekutana. Wala si lazima vitoke kwa mgeni, vingi vimo humu humu Afrika tangu zamani sana. Ng'ombe wako weusi wakizaa ndama mwekundu, huwa unamnunia mama yake?

Hicho kipimo cha kimyakimya achana nacho. Leo hii mwambie Careen ulichomfikiria, umwombe radhi, na akilia kaa hapo hapo. Usidhani utamshtua. Mwanamke hanyamazi miezi saba kwa sababu hajui unachomshuku.

Na Jumapili mchungaji akiuliza jina, usimwachie mkeo ajibu. Simama wewe, umbebe mwanao, useme kwa sauti ifike benchi la nyuma: Eliakunda Hezroni.