Tangazo la Uji wa Mumosho

Bukavu, Jumapili baada ya misa

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa Chantal,

Nakusalimu kwa mapendo mengi, nikiomba barua hii ikukute mzima, wewe pamoja na wagonjwa wako huko Shabunda. Ile malaria iliyokulaza imekuacha kabisa? Na kale kachumba ulikopewa karibu na hospitali, bado kanavuja? Huku kwetu mvua imeanza kwa nguvu. Njia yetu imekuwa tope tupu, nami nabeba viatu vya ofisi ndani ya mfuko, navivaa nikifika mlangoni. Abbé Apollinaire, padri wetu, amekubali kukuletea barua hii, kwa hiyo naandika mbio kabla hajafunga mizigo yake.

Nianze na kazi. Wamama wa Mumosho wanaosaga unga wa uji wa watoto walikuja ofisini kwetu, wakaomba tuwatengenezee publicité, tangazo la redio. Unga wao ni mzuri, mahindi, soya na mtama, lakini pale soko la Kadutu watu waliupita tu na kuchukua ule wa makopo unaotoka nje. Maman Francine, ndiye kiongozi wao, alituambia bila kuzunguka kwamba wasipopata wanunuzi msimu huu watafunga kinu, kila mmoja arudi shambani kwake.

Mkubwa wetu Jacques alinipa mimi kazi hiyo. Nilifurahi kupita kiasi, yaya! Nikaandika maneno matamu kuhusu nguvu, akili na maisha ya kesho ya watoto wetu. Jacques alisoma yote, kisha akaniuliza kama namjua maman hata mmoja anayewaza hivyo wakati mtoto analia na sufuria iko motoni. Nilikasirika sana, kwa sababu alikuwa na haki.

Basi nikaenda Mumosho, bila karatasi wala kalamu, nikakaa nao tu. Huko ndiko nilikoona jambo ambalo sote tumeliona tangu tuzaliwe. Kila maman, kabla ya kumpa mtoto, anapulizia kijiko, anakigusisha mdomoni mwake mwenyewe, ndipo anampa. Francine alikuwa ananiongelesha habari za bei ya soya, wala hakuutazama mkono wake, lakini mkono ulifanya vile vile kila mara. Nikajiambia publicité yetu iko hapa.

Jacques alilipenda wazo, lakini akasema wazo peke yake bado si kitu cha kumpa mteja. Tukarekodi pumzi ya maman na cheko la mtoto, basi, hakuna neno. Mimi niliona ni kitu kizuri ajabu. Nikakipeleka Kadutu, nikawasikilizisha wauzaji kwenye simu. Mmoja akaniuliza ni upepo wa wapi huo. Mwingine akanishauri nipeleke simu ikatengenezwe. Nilirudi ofisini na aibu yangu, tukaanza tena. Ilibidi maman asikike akisema maneno machache, kisha litajwe jina la unga na mahali unapopatikana. Jacques akawaomba pia wale wamama wafunge pakiti ndogo ya unga wa uji wa siku moja, ili mtu aliyesikia redioni aweze kujaribu bila kuogopa. Walikubali siku ile ile. Pole pole lile wazo likapata miguu.

Siku ya studio ilikuwa ngumu. Tulimleta dada mmoja wa michezo ya redio. Sauti yake nzuri, lakini ilikuwa kama anasoma habari za saa moja. Francine alikuwa amepika uji wa kweli, akamleta na binti yake mdogo, Sagesse. Mtoto akaona kijiko cha mgeni, akalia mpaka tukaacha kuongea. Siku hiyo nilikuwa nimekuja na Maman wetu, kwa kuwa sikutaka abaki peke yake nyumbani. Sababu nakueleza sasa hivi. Maman alisimama bila kuitwa, akachukua kijiko, akampakata mtoto, akapuliza.

"Chantal, ngoja kidogo. Iko moto. Maman apulize kwanza."

Mtoto akanyamaza, akafungua kinywa. Fundi wa sauti hakuwa amezima mashine. Francine alikuwa anajipangusa macho. Baadaye Jacques alitaka tukate lile jina, akasema watu watajiuliza Chantal ni nani. Francine akakataa, akasema hakuna maman anayelisha mtoto asiye na jina. Jina likabaki.

Yaya, mimi nilidhani Maman alikuwa anatuchezea mchezo ili kutusaidia. Lakini tulipokuwa tunashuka ngazi alinishika mkono na kuniuliza nimemwacha wapi mtoto, maana Chantal hajalala bado.

Nimempeleka kwa daktari. Ni ugonjwa wa kusahau. Chumvi alikuwa anatia mara mbili, na asubuhi nyingine alimwekea marehemu Papa wetu sahani mezani. Mimi nilisema ni uzee na huzuni. Daktari anasema hautarudi nyuma, ila unakwenda taratibu, na siku nzuri zitakuwapo. Tangazo litaanza juma lijalo na huko pia litasikika. Sikutaka usikie jina lako katika sauti yake kabla hujajua.

Siku moja nzuri nilimsikilizisha, nikamwambia ni yeye, nikamuuliza kama niache litoke. Alicheka, akasema litoke, watoto wapate kula. Kesho yake akalisikia tena, akaniuliza: "Ule maman ni nani? Anapenda mutoto wake sana." Nikamjibu ndiyo, sana.

Usiwaache wagonjwa wako kwa hofu. Lakini wakikupa ruhusa kwa Noeli, njoo. Huenda atakuita kwa jina langu, au la marehemu dada yake. Itika tu.

Nisalimie wote wa hospitali. Yeye mwenyewe amekaa hapa kando yangu, anachambua maharage, leo ni siku nzuri. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Amesema nikusalimu, na nikuulize kama unakula vizuri.

Unakula vizuri, yaya? Tujibu.

Mdogo wako akupendaye,
Aurore