Nani Alibeba Eksirei Hadi Kwenye Nyota?

Shikamoo Baba yangu,

Joto la Ngamiani limenibana, na tangu juzi situlii mahali pamoja. Shangazi ananiita kuku anayetaka kutaga. Juzi tukila mihogo barazani, Shirin, binti wa jirani mwenye duka la vitambaa, anayesomea nyota Ulaya, alituonyesha picha ya eksirei ya galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota. Upepo wa moto ulikuwa ukifumuka kutoka ndani yake. Unanijua sina mdomo, lakini nikauliza: nani alibeba mashine hadi kule?

"Na nani aliiambia hiyo galaksi ivute pumzi, ishikilie, kama hospitalini?" Shangazi akadakia. Baraza zima likacheka.

Shirin hakucheka. Alisema hakuna anayeimulika galaksi. Gesi yake ni ya moto mno hata yenyewe inatoa miale ya eksirei, na darubini iliyoko juu angani inaipokea tu. Kwa miale hiyo wanasayansi wanapima joto, wajue kama nyota zinazolipuka ndizo zinazousukuma upepo ule.

"Bado hatujajua yote," akaniambia. "Njoo utusaidie."

Baba, najua unataka nisome biashara, maana siku hizi duka ndilo linalolipa, hata mwalimu wetu anauza mitumba. Mimi nataka fizikia. Tangu Ramadhani nashindwa kukwambia uso kwa uso.

Nikija nitakuletea machungwa ya Muheza, ukasirike usikasirike. Kadi hii haina bahasha kwa makusudi: posta nzima itaisoma kabla yako, nami sitaweza kukana.

Mwanao akupendaye,
Mwanahamisi