Mlango Namba Nane wa Zwartewijk

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Trientje Wolthuis
Umri: Miaka 68
Kazi: Mstaafu. Nilikuwa mfungua daraja la mfereji kwa miaka 31
Makazi: Nyumba namba 5, Njia ya Mfereji, kitongoji cha Zwartewijk, mkoa wa Groningen. Mpangaji tangu 1979
Tarehe na saa ya kuandikwa: Jumatatu, 23 Januari 2017, saa 3:15 asubuhi

Ofisa ameniambia kwamba ninapaswa kusema kweli tupu. Nimemjibu kwamba kwa umri wangu uongo ni kazi nzito, unataka kumbukumbu.

Zwartewijk ni nyumba nane zilizojipanga upande mmoja wa mfereji. Tunaoishi hapo ni watu kumi na wanne. Hatuna mazoea ya kuingiliana. Mtu akipita na baiskeli huinua kidole kimoja kwenye usukani, nawe ukainua chako, basi, salamu hiyo inatosha wiki nzima. Nasema hivi kwa sababu ofisa ameniuliza kama majirani tulipanga jambo hili mapema. Hatukupanga. Mimi na Roelf Huizing wa namba 8, fundi seremala mstaafu, tulikuwa hatujasemezana miaka tisa kwa sababu ya ua wangu wa miti alioukata bila kuniuliza.

Nyumba yangu na nyumba namba 6 zote ni mali ya familia ya Blankvoort. Mama Blankvoort, ambaye sasa ni marehemu, alimpangisha Marrit Postma namba 6 mwaka 2013. Marrit ana miaka 36, ni muuguzi anayewatibu wagonjwa majumbani kwao, anazunguka kwa baiskeli. Anaishi na baba yake, mzee Ids, miaka 79, aliyekuwa nahodha wa mashua za kubeba viazi. Mapafu ya mzee yamechoka. Ngazi zimemshinda, kwa hiyo kitanda chake kiko chumba cha mbele, hatua tatu kutoka mlangoni, pamoja na mashine yake ya oksijeni.

Mama Blankvoort alifariki mwezi wa nne mwaka jana na nyumba zikawa za mwanawe, Rutger. Rutger alimtaka Marrit ahame ili namba 6 iwe nyumba ya mapumziko ya watu wa mjini wanaotafuta ukimya. Marrit alikataa. Mkataba wake hauna tarehe ya mwisho, na hakuna hakimu aliyemwamuru aondoke. Barua zote alinionyesha mwezi wa kumi, nami nilizisoma hadi mwisho.

Mnamo Jumamosi, tarehe 21 Januari, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilikuwa jikoni namenya viazi. Kipimajoto cha nje kilisoma nyuzi nne chini ya sifuri. Marrit alikuwa ameondoka kwenda kazini tangu saa moja na nusu. Niliona gari la kijivu lenye tela likivuka daraja letu na kusimama mbele ya namba 6. Walishuka Rutger Blankvoort na fundi mmoja mtu mzima nisiyemjua. Nikafungua dirisha. Nilimsikia Rutger akisema, "Fanya upesi. Huku hakuna watu." Fundi akaanza kufungua skrubu za bawaba.

Nilivaa koti na kutoka na viatu vya ndani. Nilipofika, mlango ulikuwa umeshang'olewa na uko kwenye tela. Kutoka ndani nilimsikia mzee Ids akipaza sauti, "We kijana! Kwenu hakuna milango? Funga, baridi inaingia!" Kisha akakohoa, na kikohozi hakikukoma.

Fundi alishtuka. Akamgeukia Rutger: "Hukuniambia kuna mtu ndani."

Rutger akasema, "Ni mzee tu. Ataenda kwa ndugu zake."

"Mimi nang'oa milango ya nyumba tupu, bwana. Hii si tupu." Fundi aliweka bisibisi chini, akaingia garini, akakaa. Sitaki alaumiwe.

Rutger alitaka kuingia ili azime boila inayopasha nyumba joto. Nilisimama kwenye nafasi ya mlango. Ofisa ameniuliza kama nilimpiga. Sikumpiga. Nilimwekea kiganja kifuani na sikukiondoa. Kama hilo ni kosa, liandikwe.

Akaniambia, "Mama, pisha. Hii nyumba ni yangu."

Nikamwambia, "Najua ni yako. Mimi nilikuwa hapa ulipobatizwa. Lakini huingii."

"Na namba tano unayolala wewe ni ya nani?"

Nikamjibu, "Yako pia. Ukimaliza hapa njoo ung'oe na wa kwangu, kahawa iko jikoni."

Nilimjibu hivyo, lakini niliogopa. Nimeishi namba 5 miaka thelathini na minane. Mume wangu alifia mle. Sikujua kama kwa neno lile nilikuwa nimejifukuza mwenyewe.

Saa nne na dakika ishirini na tano nilimpigia Roelf simu, nikiwa nimesimama palepale mlangoni. Nilisema, "Roelf, ni Trientje." Nikasema, "Wamemng'olea Marrit mlango. Mzee yumo ndani." Akauliza, "Upande gani zimefungwa bawaba?" Nikamwambia kushoto. Akakata simu.

Hapa ofisa hakuelewa, kwa hiyo naeleza. Nyumba zote nane zilijengwa na kampuni moja ya wachimba udongo mweusi unaochomwa kama kuni, mwaka mmoja, kwa kipimo kimoja, hata mlango wa nyumba moja unaingia nyingine. Roelf aliung'oa mlango wake mwenyewe, wa kijani, akaulaza juu ya toroli na kuusukuma njia nzima. Nilimwona akija. Ana miaka 74 na nyonga ya bandia. Kibao cha namba 8 kilikuwa bado kimepigiliwa pale mlangoni.

Sijui ni nani aliyewaambia wengine. Majirani walikuwepo. Hilje wa namba 1 alileta mablanketi na sufuria ya supu ya njegere, akampita Rutger kana kwamba anapita mti. Mumewe, Bonne, alikuja na trekta, likazimika juu ya daraja, na daraja lile ndilo njia pekee ya kutoka. Rutger alimpigia kelele aliondoe. Bonne akasema, "Limegoma, mkubwa. Nalo lina baridi." Ofisa ameniuliza kama trekta liliharibika kweli. Sikulikagua.

Roelf aliutia mlango kwenye fremu. Alipohitaji mtu wa kuushika alisema, "Trientje, shika hapa," nami nikashika. Fundi wa Rutger alishuka garini, akaokota bisibisi yake na kukaza skrubu za chini, kwa sababu Roelf hawezi kuinama. Rutger alimwambia halipwi. Fundi alijibu bila kugeuka, "Hii ya bure." Saa tano kasoro dakika tano mlango ulifungwa. Nilisikia kitasa kikilia, na mzee Ids ndani akasema, "Aa. Sasa hapo." Alikuwa na midomo ya bluu, lakini aliomba supu.

Rutger amewaambia polisi kwamba alikuwa anaupeleka mlango ukarekebishwe. Mbele ya watu wote Hilje alimuuliza, "Una kasoro gani?"

Marrit alifika saa tano na dakika kumi. Hakuna aliyekuwa amempigia. Tuliogopa asije akaanguka kwenye barafu kwa haraka. Aliona trekta darajani, akaona watu, akatupa baiskeli na kukimbia. Mbele ya nyumba akasimama. Alitazama mlango wa kijani wenye namba 8, akamtazama Roelf, akatazama kule kwa Roelf palipobaki shimo jeusi.

Akasema, "Mzee Roelf, wewe utalala wapi?"

Roelf akasema, "Wewe ulimfunga Trientje kidonda siku arobaini bila kukosa, theluji hadi magotini. Usiniulize mambo ya kulala."

Sikujua kwamba Roelf alikuwa anahesabu. Marrit hakulia, wala mimi. Jicho langu la kushoto hutoa maji kwenye upepo, tangu zamani.

Polisi wawili walifika saa tano na dakika thelathini na tano. Trekta la Bonne liliwaka mara moja. Mlango wa Marrit, ule wa bluu, mmeuchukua kama kielelezo. Kwa hiyo Roelf ametundika turubai, analala kwa Bonne, na anakula kwangu. Naomba mharakishe. Anakula sana, na ana mengi ya kusema, ya miaka tisa.

Jana Rutger aliniletea barua kwamba upangaji wangu utaangaliwa upya. Nimeikabidhi kwa ofisa. Siogopi tena. Ile Jumamosi niliuona mtaa wangu ukisimama, na sikuwahi kujua ni mrefu kiasi kile.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, sikuongeza wala sikupunguza.

Sahihi: T. Wolthuis

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya yote, naye ameyakubali isipokuwa maneno mawili. Nilikuwa nimeandika "baadhi ya majirani walikuwepo." Alitaka nifute "baadhi ya." Nilimuuliza kama ana uhakika. Alinihesabia kwa majina, nyumba kwa nyumba, akafika kumi na wanne. Nimefuta, na ametia sahihi pembeni.

J. Veldman, mpelelezi. Saa 4:40 asubuhi.