Kikao cha Mafua Chumbani kwa Bibi

Inatangazwa rasmi, rafiki yangu, kwamba dirisha la chumba cha bibi limefungwa ili mafua yasiingie.

Mafua yenyewe yalikuwa ndani, yakiongoza kikao. Mjomba alikohoa mara tisa kabla ya kusoma ajenda: nani azuiwe kumtembelea bibi.

Watu kumi na wanne. Kumi na wanne, chumba kimoja!

Daktari alikwisha kuonya kwamba nimonia nyingine itamzika bibi. Bibi mwenyewe akavuta pumzi kwa taabu, akasema, “Mwanangu, kakohoe nje.”

“Mama, huu ni mzio tu.”

Mzio tu! Na leso imemlowa mkononi.

Azimio limepitishwa kwa kauli moja: kila asubuhi kamati ya watu sita itaingia kwa bibi, kuhakikisha kwamba hakuna anayeingia.