Nilifukuza kiné, na mujukuu wangu atapasuliwa Alhamisi

Mama Kasoki wa radio, mi Zakari wa Naviundu naomba akili yako, hata kama akili mi niko nayo, uliza dereva yeyote wa camion ya barabara ya Likasi atakuambia radiateur, ile ya kupoza injini, yenye kushinda mafundi wote inaishiaka kwangu. Mujukuu wangu Fatouma iko na ugonjwa yenye banaita mucoviscidose, makohozi yake ni mazito kama grisi, inaziba njia ya pumuzi, na jasho yake iko na chumvi kupita ya bantu wengine, mi mwenyewe nilionja, ni kweli. Alhamisi batamutosha nyama yenye kuota mu pua, na munganga wa kulalisha bantu alisema mbele ya ile siku kiné, mufundi wa mazoezi ya kifua, akuye kila siku kumupigapiga mugongo ili akohoe. Ule kiné, Clément, alikuya, akapiga, mutoto akakohoa paka machozi, mi nikamufukuza, juu radiateur yenye kuziba mi naifunguaka na moto na fimbo ya chuma lakini mutoto haiko radiateur, mwenye kuenda kupasuliwa apumuzike kwanza. Nikanunua na siro ya kutuliza kikohozi. Mama yake Chadia anashinda ku soko, muchana mi njo mwenye mulango, sasa hanisemeshe tena. Lakini kuko kitu inanisumbua. Niliuliza ule munganga: mutoto akilala, nani anapumua? Akasema mashini. Nikauliza: na kikohozi, inalala na yeye ao inabakia macho? Akacheka: “Baba, unataka kazi yangu?” Wewe unijibu, na useme kama nilikosa, hata najua sikukosa.

Baba Zakari,

Ulikosa. Lakini swali yako ni ya mwenye akili, ni munganga njo alikosa kucheka. Kikohozi inalala na mutoto. Mashini inasukuma hewa, haijue kukohoa. Ile grisi yenye kubakia mu kifua inakauka, inaziba, na hewa inakosa kwa kupita. Njo maana inatoshwa mbele, Fatouma angali macho. Ulipata swali muzuri, kisha ukafukuza jibu.

Najua machozi ya mujukuu inauma. Clément hamuchape, anapiga na mukono ya kukunja kama kikombe, angalia vizuri. Ile siro usimupe hata tone, inafungia makohozi ndani. Dawa zake za kuvuta na za kula na chakula zisikatwe bila munganga kusema, na muulize saa ya mwisho ya kula na ya kunywa maji. Umuambie pia kama kiné alikosa siku, na kama kuko homa ao makohozi ilibadilika rangi. Akirudisha operation nyuma, usibishane. Na kisha kuamuka, batamukohoesha tena. Usisimame mu njia.

Leo umupigie Clément simu arudie. Kama pardon inakushinda kusema, fungua tu mulango na unyamaze.