Sifuri ya Zege

Jumatatu, 9 Juni

Kwenye sensa ya ajira nimepangiwa kuhoji wakandarasi wa mtaa wetu, na wa kwanza ni huyu tunayemwita Zege — bosi wa mume wangu! Nikafika saiti na dodoso la serikali. Salamu, soga, kisha swali: ana wafanyakazi wangapi? Akajibu bila kupepesa macho: "Sina, shemeji. Andika sifuri."

Nyuma yake mashine ya zege inanguruma, watu wanapandisha ndoo, na Baba Watoto yuko juu ya jukwaa, mwiko mkononi. Nikauliza, na hawa je? Kasema hao ni mafundi na vibarua tu. Mfanyakazi ni mtu mwenye mkataba, na yeye hajampa mtu mkataba tangu azaliwe.

Nikafunga kalamu. Siandiki ng'o!

Jumanne, 10 Juni

Mkuu wangu ofisini kasema niandike nilichoambiwa, nisijifanye polisi. Nikamwambia basi serikali itaamini nyumba za mtaa huu zinajijenga zenyewe. Kacheka. Mimi sikucheka.

Nyumbani ndiko kwenye balaa. Baba Watoto naye hataki kuitwa mfanyakazi! Eti mfanyakazi ni mtu wa kutumwa-tumwa. Yeye ni fundi, ana jina lake mjini. Nimechoka mie. Mume wangu mwenyewe anajitia kwenye sifuri, tena kwa maringo. Nikamuuliza, siku akianguka nani atalipia matibabu? Kasema niache kumtabiria mabaya, akageukia ukutani.

Nimekasirika, na ninaogopa. Lile jukwaa nimeliona.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesoma upya maelekezo ya dodoso. Kumbe! Anahesabiwa kila anayelipwa kwa kazi, awe wa mkataba au wa kutwa. Nimemwekea mkuu mezani. Kakubali shingo upande. Kesho narudi kwa Zege. Akitaka anifukuze, nitauliza nikiwa nje ya geti.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwenye benchi la hospitali, ili mikono iwe na kazi.

Ndiyo kwanza naingia getini, ubao wa jukwaa ukakatika. Baba Watoto chini. Mguu — sitaki kuuandika. Ila anaongea, na ameshanigombeza kwa kulia.

Zege ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Hilo siwezi kumnyima.

Sasa karani wa mapokezi anamwandikisha. Kauliza, ameumia kazini? Ndiyo. Mwajiri wake nani? Zege akaanza kukagua viatu vyake. Nikafumbua mdomo, Baba Watoto akanishika mkono. Nikajua ni ule ufundi wake tena, anataka ninyamaze. Kumbe alitaka aseme mwenyewe. Kasema taratibu, meno yameumana:

"Bosi, mimi ni mfanyakazi wako."

Karani kashika kalamu, anasubiri. Zege bado yuko kwenye viatu.