Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Landi za Reli,
Nakuru.
19 Desemba, 1956.

Kwa ndugu yangu mpendwa Khisa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi ulichosema kinaletwa na vumbi la pamba kimekuacha. Mama anauliza kama unakula chakula cha kushiba huko Jinja au unakunywa chai tu na kurudi kiwandani. Mkeo Naliaka hakuuliza kitu mbele ya watu, lakini alinifuata jikoni akaniambia nikuulize kama unalivaa lile sweta alilokufumia. Sisi hatujambo. Baba bado anashika zamu pale stesheni, ila mguu wake unamsumbua asubuhi za baridi. Mimi niko nyumbani tangu tumalize mtihani wa darasa la nane. Nangoja matokeo, nafua nguo za mtoto, na watu wakija nawapa chai halafu narudi jikoni. Unanijua.

Utaona barua hii ni ndefu, na haina maneno ya Mama ndani yake. Kila mara nikikuandikia, yeye hukaa karibu nami, na kabla ya kufunga bahasha lazima nimsomee yote. Hii sikumsomea. Nimempa Odero, yule gadi wa treni ya Kampala, akuletee mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Habari yenyewe inamhusu mwanao. Katika barua iliyopita Mama aliniambia niandike kwamba mtoto analia kidogo, tusije tukakutia wasiwasi. Hakuwa analia kidogo. Alilia tangu alfajiri hadi sauti ikakauka, akipumzika alikuwa anavuta nguvu za kulia tena. Akipewa ziwa alilikataa. Tulimpeleka hospitalini, daktari akampima vizuri, akasema hana homa wala hana ugonjwa anaouona, akatupa dawa ya tumbo. Mama Achola, jirani yetu, alisema ni hewa tu, akamsugua tumbo kwa mafuta ya samli. Siku ile alinyamaza, kesho yake akaanza tena. Mikono yake ilikuwa imekonda hata Naliaka akawa hataki kumvua nguo mbele ya wageni.

Ndipo dada yake Baba, Senge wetu, akaja kutoka Kimilili. Hukumwalika wewe wala sisi, alisikia tu kwamba mjukuu wa kaka yake hana jina. Hata kabla hajaweka mzigo chini alituuliza sisi watu wa mjini tunafikiri mtoto analilia nini kama si jina. Alimchukua, akasimama naye mlangoni, akaanza kuwaita wazee wetu waliokufa, mmoja mmoja, upande wa Baba kwanza, kisha upande wa mama mzazi wa Mama, na wa wazazi wa Naliaka. Unajua desturi: mtoto akinyamaza na kunyonya, basi huyo aliyetajwa ndiye aliyekuwa anataka kukumbukwa, na jina lake ndilo jina la mtoto. Senge aliita mpaka akaishiwa na watu. Mwanao alilia kwa wote.

Senge akamgeukia Mama, akamwuliza na wa kwake je. Mama akasema upande wa mama yake wameshaitwa. Senge akasema hajauliza hao, anauliza wa baba yake.

Kaka, wewe unajua jinsi Mama anavyokuwa akitajiwa baba yake. Huinama kama anatafuta kitu sakafuni. Wanawake wenzake wa nyumbani wakikutana huitana kwa koo za baba zao, na yeye wanamwita Mama Khisa tu, kwa sababu hakuna anayejua wamwite nani. Kuhusu Babu Stani tulijua kwamba alikuwa mzungu wa kiwanda cha mbao karibu na Molo, kwamba aliuawa na gogo wakati Mama alikuwa bado anatambaa, na kwamba Waingereza hawakukaa naye meza moja. Wakati ule Mama alipokwenda ofisi ya wilaya kuuliza, karani alimwambia kwamba katika kumbukumbu za zamani yuko Mrusi mmoja tu aliyekufa kule, basi akarudi nyumbani. Urithi wake wote ni lile sanduku la bati: kitabu cha sala, karatasi moja iliyokunjwa, na vifungo vya koti.

Baba alicheka, akasema hao wazee wa Ulaya hawajui Kibukusu wala Kiswahili, wakiitwa mlangoni pa nyumba ya landi ya reli watajuaje kwamba ni wao? Senge akamjibu kwamba yeye Baba akiitwa kula husikia kwa lugha yoyote, kwa hiyo anyamaze. Lakini Baba ndiye aliyetoa njia. Alikumbuka wale Wapolandi waliokaa kambini Rongai wakati wa vita, ambao aliwabebea mizigo stesheni, na akasema vitabu vyao vya sala vilikuwa na herufi zenye vikia na vistari kama hicho cha Mama. Wengi walikwisha kuondoka, ila mmoja alibaki, anaitwa Mama Halina, anatunza kuku na kushona nguo katika shamba moja karibu na Molo.

Nilitumwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, na kwa sababu Mama hakuweza. Alikifunga kitabu ndani ya kitambaa chake cha kanisani, akanipeleka mpaka kwenye behewa. Alinishika tu mkono mpaka askari waliokuwa wakikagua pasi wakamwambia ashuke.

Molo kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Nilisimama nje ya jiko la shamba lile muda mrefu, nikaona haya kubisha hodi, hata mbwa wakachoka kunibwekea wakalala. Mwishowe akatoka mwanamke mzungu mnene aliyevaa makoti mawili, na pini za kushonea mdomoni. Kiswahili chake ni kile cha mashambani. Aliniuliza, "Wewe taka nini? Mayai kwisha." Nilimfungulia kitambaa. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akaniuliza, "Wewe iba wapi hii?" Nilipomwambia ni cha babu yangu alinitazama uso, akanigeuza kwenye mwanga kama mtu anayetazama shilingi, halafu akanivuta ndani karibu na jiko.

Alikaa na kitabu kile kama mtu aliyepata mgeni. Ile karatasi iliyokunjwa aliisoma kwa taabu. Alinieleza kwamba ni cheti cha ubatizo, na kwamba kimeandikwa kwa herufi za Kirusi kwa sababu enzi hizo Warusi ndio waliotawala kwao, hata Mpolandi akibatizwa aliandikwa kwa lugha ya mtawala. Ndiyo maana Waingereza walimwita Mrusi. Jina lake ni Stanislaw Gajda, wa kijiji cha Zalesie. Baba yake aliitwa Wojciech na mama yake Katarzyna. Alinifundisha kuyatamka, akinishika kidevu nilipokosea, akicheka. Kisha akafungua kurasa za kitabu cha sala zilizoandikwa kwa mkono, na hapo hakucheka tena. Alinisomea yaliyokuwamo. Nitayafikia.

Aliniandikia anwani ya padri wa kule, akanipa mayai ambayo alisema yamekwisha, akanibusu kwenye paji la uso. Sikuwahi kubusiwa na mzungu. Nilirudi na treni ya mchana.

Nilipofika, walikuwa wote mlangoni. Mtoto alikuwa analia sauti isiyo na machozi. Senge akaniambia niite mimi, ulimi wake hauwezi mambo hayo. Mimi ambaye shuleni nilikuwa nikiulizwa swali natazama dirisha, nikasimama mbele ya watu wa landi nzima. Niliita Wojciech, ijapokuwa mtoto ni wa kike, maana Senge alisema tusibague. Akalia. Niliita Katarzyna. Akalia zaidi, akajikunja kama ameunguzwa. Watoto wa jirani wakaanza kuniiga wakicheka. Mama Achola akawafukuza kwa kata ya maji. Sikuwa na mwingine wa kumwita. Mama akanitazama, na kaka, sijawahi kutazamwa hivyo. Alikuwa ananiuliza kama hata huko kwa baba yake hakuna mtu.

Basi jina jingine likanitoka. Nilikuwa nalo kichwani njia nzima kutoka Molo, na lilitoka bila mimi kukusudia. Nilisema Rozalia.

Mwanao alinyamaza. Hakunyamaza kwa kuchoka, nilimwona. Alifungua macho, akatafuta ziwa, akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka shingoni. Senge akapiga vigelegele, wanawake wote wakaitikia, Baba akavua kofia. Naliaka alilia. Mama akanishika mabega akaniuliza huyo Rozalia ni nani wake. Nikamwambia ni bibi yake, mama wa baba yake. Wale niliowaita kwanza sikuwa nimewaeleza bado ni nani.

Tangu siku ile mtoto anakula, analala, ameanza kujaa mashavuni. Na Mama, sijui nikueleze vipi. Anaimba akifua. Pale bombani wanawake walipomsalimu Mama Khisa aliwaambia kwamba yeye pia ana kwao, ni binti wa Gajda wa Zalesie, na bibi yake amemfuata kutoka mbali. Sasa wanamwita binti wa Gajda, wengine kwa utani, na yeye anaitika kila mara. Kanisani alisimama akatoa ushuhuda. Mama yetu, Khisa, ambaye hukaa benchi la nyuma.

Sasa nakuambia aliyonisomea Mama Halina.

Rozalia si bibi yake Mama. Rozalia ni mke wa Babu Stani. Walioana kanisani huko Zalesie, wakazaa watoto watatu, Jan, Marianna na Jozef, wote wameandikwa nyuma ya kitabu na siku zao za kuzaliwa. Alikuja Afrika kutafuta kazi ili awatumie fedha, na kitabu kile alipewa na mke wake siku ya kuondoka. Ule mstari wa ukurasa wa kwanza, ambao Mama huubusu kila Jumapili akidhani ni mkono wa baba yake, ni mkono wa Rozalia. Unamwita kwa jina lake la nyumbani, unasema: Stasiu, rudi, tunakungoja. Kama Babu aliwahi kuwaandikia, au kama waliwahi kujua amekufa, Mama Halina hakuweza kujua. Wala hakujua kama Rozalia yu hai. Alisema kwamba kule vita vimepita mara mbili, nani amebaki. Lakini unajua jina la mtu aliye hai halipewi mtoto.

Kwa hiyo nimempa mwanao jina la mwanamke ambaye si damu yetu, ambaye Babu alimwacha akingoja, na huenda bado anangoja. Na ndilo alilolikubali. Usiku na mchana najiuliza ni kwa nini. Labda huyo mama kweli ndiye aliyekuwa na haki ya kukumbukwa kuliko wote. Labda ile dawa ya hospitali ilikuwa imeanza kufanya kazi. Mimi ni msichana tu, sijui mambo haya, na wa kumwuliza ni Senge, na Senge akijua, Mama atajua.

Nilidhani nitanyamaza yaishe. Lakini Mama ameniambia nimwandikie yule padri, Mama Halina atafsiri, tuwaambie watu wa Zalesie kwamba mama yake Stani amezaliwa tena Nakuru. Barua nimeiandika kama alivyotaka. Iko chini ya godoro langu. Nikiituma, itasomewa hao akina Jan na Marianna, ikiwa wapo, nao watajua kwamba baba yao alikuwa na nyumba nyingine, na watamweleza Mama Rozalia ni nani. Nisipoituma, Mama ataendelea kuniuliza kama jibu limefika, kama anavyoniuliza kila treni ya barua ikiingia, na nitaendelea kumwambia kwamba Ulaya ni mbali.

Nikimwambia kweli, nitamnyang'anya ukoo aliokaa bila kuwa nao maisha yake yote, na jina litaondolewa kwa mtoto, na sijui mtoto atafanya nini. Nimejaribu kufikiri njia ya tatu. Sioni.

Wewe ndiye baba. Senge amesema hatamnyoa mtoto nywele za kwanza mpaka wewe ukubali jina. Akishanyolewa haligeuzwi. Baada ya barua hii Mama ataniambia nikuandikie nyingine ya kukuomba ruhusa, na jibu lako litasomwa mbele ya wote, nami ndiye nitakayesoma, na unajua sijui kusoma jambo ambalo halijaandikwa. Kwa hiyo usinieleze chochote humo. Ukifika mahali pa salamu, mtaje mtoto kwa jina lake, nami nitaichoma ile barua ya padri, na nitanyamaza. Ukiandika "mtoto" tu, nitaikunja karatasi, nitamwambia Mama tutoke nje, nimweleze.

Usinikasirikie. Na kama utanikasirikia, usimkasirikie Mama.

Baba anakusalimu, anasema treni za Kampala zinapita mbele yake kila siku na hajakuona umeshuka. Senge anakusalimu. Mama Achola anasema umletee kitenge. Mama anakusalimu sana, na Naliaka pia. Mtoto wako anakusalimu.

Ni mimi dada yako mdogo,

Nabalayo